Tofali la Mama

Atupele mwanangu,

Hujambo sikuulizi, maana nakusikia huko uani unavyocheka na wenzako mkimalizia vyombo vya wageni. Mimi niko huku dukani, mlango nimeurudishia. Mashine ya kudarizi inashona nembo za masweta ya Jumatatu, na kila ikimaliza rangi moja inasimama na kulia mpaka niibadilishie uzi. Kwa hiyo barua hii itakuwa na viraka, univumilie. Naandika kwa kalamu kwa sababu kompyuta yangu iko kazini na mashine, na sipendi kuisumbua.

Habari za kufunga mlango, za kula kwa wakati, za wanaume wa mjini na za kwenda misa, shangazi zako wamekwambia leo mchana mpaka nikakuona unaficha miayo. Sirudii. Baridi ya Mbeya ni ndugu wa baridi ya hapa Iringa, na sweta unalo. Nina jambo moja tu, na naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitapaza sauti, na Kihesa nzima itajua kwamba Mama Atu amegombana na mwanaye siku ya kumuaga.

Nimekasirika, mama. Nimekasirika tangu mchana. Chai nimewapa watu nikiwa nimekasirika, na wimbo wa kukuaga nimeuimba nikiwa nimekasirika, tena nikaanzisha ubeti wa pili.

Unajua ilivyokuwa, ulikuwepo, lakini nataka uione kutoka pale nilipokuwa nimekaa mimi. Baba yako mdogo alisimama mbele ya jumuiya yote, akavua kofia. Tangu kaka yake atutoke, yeye ndiye amesimama mahali pa marehemu baba yako, na hilo sitalisahau mpaka nakufa. Amekuja kutoka Idodi na lile boksi mapajani njia nzima, hakukubali liwekwe juu ya gari na mizigo mingine. "Mwanetu haendi Mbeya mikono mitupu," akasema. Vigelegele vikapigwa. Katekista akainyunyizia zawadi maji ya baraka kwa uangalifu mkubwa, pembeni pembeni, asije akaibariki ikafa. Laptopu nyembamba, rangi ya fedha, bado imevaa nailoni. Ukapiga magoti ukaipokea kwa mikono miwili. Nilikuona na nilijivuna.

Halafu ukawageukia rafiki zako ukasema, na sauti hukuipunguza, "Afadhali. Nilikuwa naenda Mbeya na tofali la mama."

Watu wakacheka. Shangazi yako mkubwa alicheka mpaka akashika ubavu. Na mimi nikacheka, maana mwenye nyumba afanye nini.

Tofali. Na wewe ndiye unayekwenda kusomea ujenzi.

Basi tuzungumze habari za tofali. Ni ile laptopu nene, nyeusi, niliyokuletea wiki iliyopita kutoka kwa Mama Jyoti, yule mama wa Kihindi anayeuza kompyuta zilizotumika kule mjini. Uliipokea kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Ukasema asante, ukaiweka juu ya kabati, ukatandika khanga juu yake. Nilidhani unaikinga na vumbi. Leo nimeelewa ulikuwa unaikinga na macho ya watu.

Sikukasirikii kwa sababu ya mdomo. Mdomo huo ni wa ukoo, umeurithi kwangu na mimi niliurithi kwa bibi yako wa Tukuyu. Ngoja, mashine inalia.

Nimerudi. Tulikuwa kwenye njano, sasa ni kijani.

Wageni walipoondoka, niliifungua ile ya fedha bila ruhusa yako. Unisamehe kwa hilo. Niliiwasha, na kusema kweli inapendeza, skrini inang'aa, inakusalimia kwa jina lako. Nikasema, haya, tuone. Nikajaribu kuiwekea ile programu yenu ya kuchorea majengo. Ikasema haina nafasi. Kompyuta ya leo asubuhi, haijaandikwa hata herufi moja, inasema imejaa. Mfumo wenyewe, hiyo Windows kumi na moja, umekalia karibu nyumba nzima. Nikafuta michezo na mapambo waliyoijaza huko ilikotoka, programu ikaingia kwa kubanana. Nikafungua nyumba ya bibi.

Unaijua ninayoisema. Ile uliyochora likizo ya Pasaka hapa kwenye kompyuta yangu, yenye jiko ndani, ili mama yangu asivuke mvua ya Tukuyu na chungu mkononi kila jioni. Mlango wa nyuma ukauelekeza migombani kama alivyotaka. Ulipomwonyesha kwenye simu alishika kifua akasema "ndaga fijo", asante sana, mpaka ukamwambia inatosha. Na mimi ulinifundisha kuingia: unabonyeza mshale, mlango unafunguka, unapita sebuleni, unafika jikoni.

Kwenye ile ya fedha kuta zilitokea. Paa likatokea nusu. Nikabonyeza mshale. Mlango haukufunguka. Nikabonyeza tena. Nimekaa nje ya nyumba ya mama yangu mzazi mpaka mashine ya kudarizi ikaomba uzi, nikaenda nikabadilisha, nikarudi, na bado niko nje. Kisha ikaganda kabisa, hata pa kuizimia pakakosekana.

Nikaigeuza chini nitafute skrubu, maana kitu kikiwa kidogo unaweza kukiongeza. Hakuna. Tumbo limegundishwa. Memori imeunganishwa humo humo na bodi, na nafasi ya kuhifadhi vitu nayo hivyo hivyo. Ilivyozaliwa ndivyo itakavyozikwa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwako. Nilimfikiria yule muuzaji aliyemuuzia baba yako mdogo. Muuzaji, mtu amesimama mbele yako na vumbi la Idodi kwenye viatu. Amekwambia anataka ya mtoto anayekwenda chuo kusomea ujenzi, najua amekwambia, kwa sababu shemeji yangu huyo hawezi kununua hata sindano bila kueleza ni ya nani. Wewe muuzaji unajua kabisa kwamba kitu hiki hakiwezi kuchora hata banda la kuku. Na unamfungia kwenye boksi, unamwekea na chaja, unamwambia hongera mzee. Ni mtu wa namna gani? Usinitajie kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Methali hiyo hata yule muuzaji anaijua, na ndiyo inayomlisha.

Baba yako mdogo simlaumu. Katika ukoo wao mtoto anayetoka nyumbani hapewi kitu kilichotumiwa na mtu mwingine, hata kama ni ndoo. Shangazi yako alipoolewa walimfungia mpaka mwiko mpya. Kwa hiyo aliingia dukani na neno moja tu mdomoni: mpya. Na mpya akapewa. Duka lile halikumdanganya hata kidogo, na ndiyo maana nazidi kuchemka, kwa sababu hakuna pa kumshikia mtu.

Nami najua uchungu huo kwa sababu niliwahi kuununua kwa mikono yangu mwenyewe. Hadithi ya kitunguu unaikumbuka upande wako. Sasa ukae usikie upande wangu.

Ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa na kompyuta ya kwanza, ile ya skrini yenye mgongo, imekuwa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Ndiyo iliyokuwa inaiongoza mashine ya kudarizi. Programu ya nembo ilikuja na mashine kwenye CD, na programu hiyo inazijua Windows za zamani tu, haitaki habari nyingine. Basi siku moja mwalimu mkuu wa shule yenu alikuja kuagiza masweta, akakaa kwenye kile kiti, akaitazama skrini yangu akasema, "Mama Atu, hii umeiokota makumbusho?" Alisema kwa utani. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mimi ule utani uliniingia mfupani. Nililala nikiusikia, nikaamka nikiusikia.

Nikaenda mjini nikanunua mpya. Nilichouliza pale dukani ni kimoja: "Ni ya kisasa?" Wakanijibu, "Mama, hii inafungua kila kitu." Nikaileta nyumbani kwa fahari, na mchana huo huo nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu nikampa ile ya zamani aibebe, isije ikaonekana tena na mteja.

Halafu nikaweka CD. Ikakataa. Nikachukua waya wa mashine, ule mpana wenye pini tisa, nikaizunguka kompyuta mpya nyuma na mbele kutafuta tundu lake. Halipo. Nilipiga magoti hapo sakafuni na waya mkononi kama mtu aliyekatiwa kitovu.

Nikaita mafundi. Kuuliza si ujinga, si ndivyo tunavyosema? Alikuja huyu, akaja yule. Mmoja akaniambia, "Mama, tatizo hujui kubonyeza." Mwingine akacheka akasema watu wazima wangeachia vijana mambo haya. Hakuna hata mmoja aliyesema, mama, umeuziwa mashine isiyoweza kazi yako. Wote waliniangalia mimi. Na mimi nikawaamini, Atu. Mtu niliyeendesha mashine ile miaka yote, niliyejua mlio wake ukibadilika hata nikiwa chumbani, nikaamini kwamba mimi ni mjinga. Nikawa hata simu nikishindwa kuitumia nasema, aa, mimi na vitu hivi hatuelewani.

Shule zikafunguliwa. Mwalimu mkuu akapeleka kazi yake kwingine, na hakukosea. Wewe nilikushonea nembo kwa mkono, mwenge wa shule, nikajitahidi na nyuzi zangu, na ule mwenge ukatoka kama kitunguu. Wakakuita Kitunguu mwaka mzima. Ulirudi ukilia, ukaniuliza kwa nini mama wa watu wanaweza na mimi siwezi. Nikakujibu mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika, ilikuwa nzima na haina wa kuongea nayo, na mimi niliyeitenga na mwenzake nilifanya hivyo kwa sababu mtu alinicheka.

Sasa unaelewa kwa nini leo neno lako limenichoma. Nimeiona aibu ile ile, imerudi, imevaa gauni lako.

Nyekundu. Nilisahau nyekundu, imeshona pembe moja ya nembo bila uzi. Nimefumua, nimerudia.

Mama Jyoti nilimpata baada ya kuacha kusikiliza watu. Nilitia CD na waya kwenye kikapu, juu yake nikaweka mboga, nikaanza kuzunguka duka hadi duka. Wengine waliniona kichaa. Kwake niliingia nimechoka. "Kamwene," akanisalimu, na Kihehe chake ni kizuri kuliko changu mimi niliyeolewa na Mhehe. Akaniuliza nataka mpya au iliyotumika.

"Nataka itakayosoma hivi," nikasema, nikaweka CD na waya juu ya meza yake.

Akautazama waya. "Watu huja hapa na bei yao kichwani. Wewe umekuja na waya."

"Jaribu kwanza, maneno baadaye."

Tulijaribu moja baada ya nyingine. Si kwamba alifurahi. Ana wateja, ana mafundi wake, na mimi nimekalia kaunta nakataa. Mwishowe akasema, "Mama, unaonja kila sufuria. Utashiba kabla hujanunua."

"Nilishanunua bila kuonja," nikamjibu. "Nikalala njaa."

Akamwambia fundi wake alete mabaki ya ofisi yaliyokuwa stoo. Ndimo ilimotoka hii kompyuta niliyonayo. Nyeusi, ina mkwaruzo mahali walipobandua jina la kampuni ya watu. Nyuma ina tundu la pini tisa. Ndani ina nafasi ya diski mbili, kwa hiyo moja tukaipa Windows ya zamani kwa ajili ya mashine, na nyingine tukaipa Windows kumi kwa ajili ya dunia. Ukiwasha unachagua. Ndiyo uliyojifunzia kuchapa, ndiyo uliyojifunzia kuchora nembo, na siku hizi sweta likitoka hapa watu wanasifu mkono wangu, wakati mchoro ni wako.

Nilidhani vita imekwisha. Kumbe. Likaja tangazo la chuo kwamba kila mwanafunzi awe na laptopu yenye mfumo mpya kabisa, kwa ajili ya programu zao na mitihani. Na hata hiyo Windows kumi wenyewe wameshatangaza kwamba wameacha kuihudumia. Nikasema kabla sijahangaika na laptopu, ngoja nijifunze mfumo huu mpya kwenye kompyuta yangu, nina diski ya ziada, sitaharibu kitu. Nikaiwekea kumi na moja. Ikapima, ikapima, ikaniandikia kwamba kompyuta hii haikidhi masharti.

Haikidhi kwa lipi? Memori ninayo tele. Nafasi ninayo. Haijaugua hata siku moja. Nikasoma, nikauliza, nikaambiwa prosesa yake, ubongo wake, ni ya kizazi cha sita, na wao wanapokea kuanzia cha nane. Basi. Si kwamba haiwezi kazi. Imekataliwa mlangoni kwa sababu ya umri, kama mzee mwenye nguvu zake anayeambiwa aache jembe. Nilinung'unika siku kadhaa, unakumbuka, ukaniambia, "Mama, ni kompyuta tu."

Sasa leo nawasha ile ya fedha, isiyoweza kufungua mlango mmoja wa nyumba ya kijijini, na hiyo wameipokea. Ina kizazi kinachotakiwa, ina alama zote zinazotakiwa, imepita. Iliyo hodari imeachwa nje, iliyo dhaifu imekaribishwa ndani kwa sababu vyeti vyake vipya. Hapo nilitaka kutupa kikombe. Sikutupa, ni vile vya wageni.

Tofali nililitafuta kati ya aina hizo mbili, mwanangu. Nilijua kuna mahali pembamba ambapo mashine bado zinafungwa kwa skrubu na mfumo mpya umeanza kuzikubali. Nilirudi kwa Mama Jyoti nikamwambia nataka kizazi cha nane, ya ofisi, si ya kuuza sura. Hakuniuliza kama nimeleta waya, aliuona. Ile laptopu nene ukiigeuza ina skrubu chini. Memori imekaa kwenye vishikio viwili, na kimoja nimekiongezea. Diski inatoka na kurudi. Windows kumi na moja imeingia bila kuomba wala kulazimisha. Na ndani yake nimeilaza ile Windows ya zamani, kompyuta ndani ya kompyuta, haigusi intaneti, ina kazi moja tu ya kufungua programu ya nembo. Unaifungua unachora, unaifunga unarudi kwenye mambo ya chuo. Ukinitumia mchoro kwa simu nashona huku. Nilijaribu na nembo ya kwaya, ikatoka safi.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuhangaika hivyo, nisikufiche. Ukienda na isiyoweza ya zamani, mimi huku nabaki na mashine bila mchoraji. Ukienda na isiyoweza ya sasa, wewe huko unabaki bila masomo. Nilitaka moja ya kutubeba wote wawili.

Kibodi ilikuja na herufi za Kijerumani, Y na Z zimekaa mahali si pake. Nimezibandikia karatasi. Mama Jyoti nitamlipa kwa sindano: vitambaa vya meza vya harusi ya mpwa wake, maua yale yenye umbo la embe, na kashanisumbua kuhusu rangi mpaka nimemwambia naye anaonja kila sufuria. Kwa hiyo usifikirie gharama yake. Fikiria tu kwamba si kitu cha kuokota.

Na kama siku moja huko utahitaji kununua mwenyewe, usiende na neno "nzuri" wala "mpya" wala "ya kisasa." Nenda na kazi yako mkononi. Ifungue hapo hapo dukani, mbele ya muuzaji, na asiyekubali ufungue muage kwa adabu. Igeuze uangalie tumbo. Mimi hilo neno "ya kisasa" limenigharimu shule nzima ya masweta.

Nimechoka kuwa na hasira sasa, mkono unauma. Lakini kuna hili ambalo ndilo lililonikalisha hapa.

Huko chuoni watawapa kazi. Ule mchoro wa kwanza, mtaambiwa uwe umekwisha Ijumaa. Wenzako watamaliza. Wewe na ile ya fedha, mlango wako utakuwa haujafunguka. Mwalimu hatakuja chumbani kwako kuona paa limekwama nusu. Ataona karatasi tupu na jina la binti anayetoka Kihesa. Atasema huyu ni mzito. Atasema wasichana na ujenzi. Na wewe, ninavyokujua, utaanza kwa kubisha, halafu usiku mmoja utaanza kumwamini. Hilo silikubali. Baridi utaivumilia, chakula kibaya utakivumilia, hata kuchekwa utakuvumilia, ulishavumilia kitunguu. Lakini mtu kukufanya mjinga kwa kukupa chombo kibovu, halafu akakuhukumu kwa kazi ya chombo hicho, mimi nimelipita hilo na sitaki ulipite. Ukiambiwa wewe ni mzito, kaiangalie mashine kwanza. Ukikuta mashine iko sawa na ni wewe uliyelala, hapo kubali, uamke.

Baba yako mdogo usimwambie neno. Ni zawadi iliyobarikiwa, imetoka kwenye jasho la mpunga, na hairudishwi. Ikibaki, nitaiweka hapa kaunta. Kuandika barua za wateja inaweza, kuonyesha picha inaweza. Siku akija ataikuta imewashwa, inaonyesha picha za kipaimara chako, na yeye yumo amevaa lile koti lililombana. Atafurahi, na itakuwa si uongo.

Mashine imemaliza. Imenyamaza, na nyie huko nje nadhani mmemaliza vyombo.

Kesho utazikuta zote mbili mezani, na zote nimeziwekea nyumba ya bibi. Begi lina nafasi ya moja. Hata lingekuwa na nafasi ya mbili nakujua, ya fedha ingekaa dirishani na tofali chini ya kitanda. Nilitaka kuandika kwamba ukichukua ile ya fedha sitakasirika. Ni uongo. Nitakasirika, na uji nitakupikia, na stendi nitakusindikiza, na nitakupungia mkono mpaka basi lipotee.

Ila kabla hujafunga zipu, kaa hapa kwenye kiti changu. Washa zote mbili. Bonyeza mshale, na usubiri. Ile itakayokufikisha jikoni kwa bibi, ndiyo uondoke nayo.

Mama yako,
fundi wa masweta, Kihesa